Dawa ya moto ni moto: Kuvu yapigana na kuvu mashambani

Likizo ya shule ikimalizika, watoto waliokwenda kumwamkia nyanya yao huko Mbumbuni, Kaunti ya Makueni, hawarudi Nairobi mikono mitupu. Juu ya basi huwa pamefungwa gunia la mahindi, na pembeni mfuko wa mbaazi au kunde. Mama hulipokea gunia kwa furaha, maana kwa wiki kadhaa hatanunua unga dukani, na siku moja moja atapika muthokoi.

Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza ni nini kingine kilichomo ndani ya gunia hilo?

Swali hili si la kutishana bure. Mwaka 2004, watu 317 katika sehemu za mashariki ya Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, walishikwa na ugonjwa wa ini. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba. Watu 125 walifariki. Ilikuja kugunduliwa kuwa chanzo ni mahindi waliyoyalima wenyewe, yaliyovunwa mvua ya ghafla ikinyesha, kisha yakawekwa nyumbani kabla ya kukauka. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 watu 12 walikufa kwa njia hiyo hiyo katika Wilaya ya Machakos, ambayo siku hizo ilijumuisha Makueni.

Sumu isiyo na harufu

Mwuaji huyo anaitwa aflatoksini, au sumukuvu kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania. Sumu hii hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, ambayo makao yake ni udongoni. Haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Kukoboa mahindi ili kupata muthokoi huipunguza kiasi, lakini hakuimalizi. Anayekula sumu nyingi kwa mara moja huharibika ini upesi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini.

Watu wengi hudhani kuvu huanzia ghalani. La hasha! Huanzia shambani. Jua likiwa kali na mvua ikikatika, kama ilivyo kawaida Ukambani, mmea hudhoofika. Wadudu wakitoboa magunzi, chembe za kuvu zinazopeperuka kutoka udongoni hupata mlango wa kuingilia. Ghalani huko unyevu humalizia kazi tu.

Jamaa asiye na sumu

Sasa sikiliza ajabu. Si kila kuvu ya jamii hii hutoa sumu. Zipo ambazo zimezaliwa bila uwezo huo, nazo huishi katika udongo ule ule. Mwanasayansi wa Marekani, Peter Cotty, aliwaza hivi: kwa nini tusizipe hizi zisizo na sumu nafasi ya kutangulia? Alianza na mashamba ya pamba ya Arizona. Baadaye Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA, yenye makao Ibadan, Nigeria, ikaileta mbinu hiyo Afrika.

Kwa Kenya, wataalamu walichagua aina nne zisizo na sumu, zote za hapa hapa nchini, wakatengeneza dawa iitwayo Aflasafe KE01. Iliidhinishwa mwaka 2015, na hutengenezwa Katumani, karibu na mji wa Machakos, katika kituo kile kile kilichotupa mahindi ya Katumani yanayokomaa mapema.

Ukiiona utadhani ni chakula cha kuku: ni punje za mtama zilizokaangwa ili zisiote, zikapakwa chembe za kuvu na rangi ya buluu. Mkulima huzitawanya kwa mkono baina ya mistari ya mahindi, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Kuku wazuiwe wasizidonoe. Kuvu njema huota juu ya mtama, ikasambaa na kushika nafasi. Ni kama matatu iliyojaa: kuvu yenye sumu ikifika, hakuna kiti. Majaribio yameonyesha kuwa sumu hupungua kwa asilimia 80 na zaidi.

Mbinu ya kutumia viumbe wadogo wa udongoni haiishii kwenye mahindi. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walieleza jinsi bakteria wa jamii ya Pseudomonas, waishio kwenye mizizi ya mpunga, wanavyozuia ugonjwa wa blasti, ambao wakulima wetu wa Mwea wanaujua vizuri.

Kazi ya walio mjini

Tatizo ni kwamba mkulima anaombwa kununua, msimu baada ya msimu, kitu ambacho faida yake haionekani kwa macho. Sokoni, debe la mahindi safi na debe la mahindi yenye sumu hufanana kabisa. Nyanya atatoa wapi moyo wa kuinunua peke yake?

Hapo ndipo sisi walaji wa mjini tunapohusika. Na hata dawa ikitumika, ghala nalo lataka uangalifu:

1. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu.

2. Pimeni ukavu kwa chumvi. Tieni mahindi na chumvi kavu katika chupa ya kioo iliyo kavu, mtikise, kisha muiache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji.

3. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

4. Punje zilizooza, kuvunjika au kugeuka rangi zitupwe. Msimpe ng'ombe, kwani sumu hupitia kwenye maziwa na kumrudia mtoto.

Basi msimu ujao, kabla ya kuuliza gunia litafika lini, mpigie nyanya simu umwulize kama mahindi yamekaribia kutoa maua. Kisha mtumie pesa za kilo nne za mtama ule wa buluu. Gunia ni la jamaa wote. Na kulilinda kuwe kwa wote.