Umeme mdogo unaoponya kidonda



Wale kati yetu waliovua katika Ziwa Tanganyika wanamjua yule kambare anayepiga umeme. Ukimgusa wavuni, mkono unakufa ganzi. Watoto waliozaliwa hapa kambini wanadhani ni hadithi ya wazee, lakini ni kweli: kambare wa aina hiyo anaweza kutoa umeme wa zaidi ya volti 300. Hana betri wala jenereta. Umeme wake unatengenezwa na seli, yaani zile chembe ndogo sana zinazojenga mwili wa kila kiumbe.

Mwezi huu tunapenda kuwaambia kwamba hata sisi binadamu tuna umeme mwilini. Ni mdogo sana, haumpigi mtu, lakini una kazi yake: unasaidia kuponya kidonda. Ukiufahamu, utaona pia kwa nini tunakatazwa kutia jivu na unga wa betri kwenye vidonda vya watoto wetu.

Umeme huo unatoka wapi?

Chumvi ikiyeyuka majini inagawanyika kuwa chembe zenye chaji. Nyingine ni chanya, nyingine ni hasi, kama zile ncha mbili za betri. Seli za ngozi zinasukuma chembe hizo usiku na mchana, kama akina mama wanavyopiga pampu ya maji bila kupumzika. Kwa sababu hiyo upande wa ndani wa ngozi unakuwa chanya kuliko upande wa nje. Tofauti hiyo ni kama milivolti 10 hadi 60. Tulinganishe: jiwe moja la redio lina volti 1.5, yaani milivolti 1,500. Basi hata hizo milivolti 60 ni sehemu moja tu ya 25 ya jiwe hilo.

Ngozi ikiwa nzima, umeme huo umezuiliwa, kama maji ndani ya jerikani isiyotoboka. Mtoto akijikata na panga, jerikani imetoboka: umeme unaanza kuvuja pale pale. Unatiririka kutoka kwenye nyama ya pembeni kuelekea kidondani, na kidonda kinakuwa upande wa hasi.

Haya si mawazo tu. Katika miaka ya 1840, Mjerumani mmoja aitwaye Emil du Bois-Reymond alijikata kidole mwenyewe, akapima umeme uliotoka. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walipima ngozi ya simbilisi, wakakuta pembeni mwa kidonda kuna kama milivolti 140 kwa kila milimita moja. Kwa kitu kidogo kama seli, huo ni umeme wa kutosha kabisa.

Seli inasikiaje, na inatembeaje?

Seli haina macho wala masikio. Lakini kwenye utando wake wa nje kuna protini zenye chaji. Umeme ukipita, baadhi ya protini hizo zinavutwa upande mmoja. Hapo seli imeshajua njia. Upande wa mbele inaunda nyuzi nyembamba, inasukuma kitu kama mguu bapa, inashika chini, halafu inavuta mgongo wake. Inarudia tena na tena. Mwendo wake ni wa pole sana: mara nyingi saa nzima inapita seli haijamaliza hata sehemu ya kumi ya milimita. Lakini zikienda nyingi pamoja, zote kuelekea upande wa hasi, kidonda kinafungwa.

Mwaka 2006 mtafiti Min Zhao, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Aberdeen huko Scotland, pamoja na wenzake, walitoa habari iliyoshangaza wengi. Walipitisha kwenye seli umeme wenye nguvu kama ule wa kidonda. Seli zikafuata. Walipogeuza umeme, seli nazo zikageuka, hata zikaacha kidonda zilichokuwa zinakifunga na kwenda zake! Yaani umeme si jambo la pembeni. Seli zinasikiliza pia ishara nyingine, kama vile kemikali zinazotoka kwenye nyama iliyoumia, lakini umeme ni mmoja wa viongozi wao wakubwa.

Sasa sisi nyumbani tufanye nini?

Kwanza, kidonda kisikaushwe juani. Umeme wa mwili unapita kwenye unyevu wenye chumvi, na seli nazo zinatembea vizuri penye unyevu. Mwaka 1962 Mwingereza George Winter alifanya majaribio kwa nguruwe: vidonda vilivyofunikwa vikabaki na unyevu vilifunikwa na ngozi mpya haraka karibu mara mbili kuliko vile vilivyoachwa wazi vikafanya kigaga. Kwa hiyo kidonda kidogo kioshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, paka mafuta ya mgando yaliyo safi, funika kwa kitambaa safi. Unyevu tunaousema si uchafu: kitambaa kikilowa au kikichafuka, kibadilishwe.

Pili, tusitie jivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno wala unga wa betri. Vitu hivyo havimsaidii mtoto. Vinachafua, vingine vinaunguza, na uchafu unaweza kuleta pepopunda.

Bibi mmoja alituuliza: "Zamani tulitia jivu na tulipona, si kweli?" Ni kweli, Bibi, wengi walipona. Lakini kilichowaponya ni mwili wenyewe, seli zao zilizotembea ingawa zilikuta jivu njiani. Wale waliopata pepopunda hawapo leo kutuambia habari zao.

Tatu, vijana wetu mafundi wa sola na redio, tunawaomba: msijaribu kuunganisha nyaya za betri kwenye kidonda cha mtu. Mmesikia seli zilivyoacha kidonda umeme ulipogeuzwa. Tena umeme wa betri unaweza kuunguza nyama. Zipo hospitali duniani zinazotumia mashine za umeme kwa vidonda sugu, lakini kiasi chake kinapimwa na watu waliosomea kazi hiyo.

Nne, tuwaangalie wazee na wagonjwa wa kisukari. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba umeme wa kidonda kwa watu wa miaka 65 hadi 80 ulikuwa karibu nusu tu ya ule wa vijana wa miaka 18 hadi 25. Na mwaka 2016 watafiti walipima macho ya wanyama wenye kisukari, wakaona umeme wa jeraha umepungua na jeraha linachelewa kupona. Kwa hiyo babu akisema "ni mkwaruzo tu," msimwache hivyo. Mtazameni miguu kila jioni, hata katikati ya vidole.

Wakati wa kukimbilia zahanati

Usingoje umeme wa mwili kama kidonda ni kirefu, damu haikatiki, kimeingiwa na udongo au msumari wenye kutu, au mtu ameumwa na mbwa. Vilevile kikivimba, kikitoa usaha au harufu mbaya, homa ikipanda, au taya zikikaza. Uliza pia kama mtoto amemaliza chanjo ya pepopunda. Mgonjwa wa kisukari aende hata kwa kidonda kidogo.

Ndugu zetu, tumepoteza vitu vingi njiani, lakini mwili haukuacha kufanya kazi yake. Tuusaidie kwa maji safi, sabuni na kitambaa safi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Hapa kwetu tunatia nini kwenye kidonda? Nani alitufundisha?
2. Kitambaa safi cha kufungia kidonda kiko wapi sasa hivi? Kama hakipo, leo nani atafua kimoja, akianike na kukitunza?
3. Mzee gani wa jirani anaishi peke yake, na nani atamtazama miguu?