Jeki Huinua, Haishikilii: Fizikia ya Kuinua Gari Porini

Msimu mmoja wa masika, nikiwa safarini na wanafunzi wangu katika Bonde la Kilombero, gurudumu la nyuma la gari letu lilipata pancha. Njia ilikuwa na mteremko mdogo mno, hata hakuna aliyeujali. Dereva alivuta breki ya mkono, akaijaribu, akaridhika. Jeki iliwekwa chini ya ekseli, gari likainuka, na mwanafunzi mmoja akachutama kando yake, tayari kuvuta tairi. Mara tu gurudumu lilipoachana na ardhi, gari lilianza kwenda lenyewe. Jeki ililala, ekseli ikajikita matopeni, na kijana yule akanusurika kwa kuwa alikuwa hajaingiza mguu chini ya gari. Breki ilikuwa nzima kabisa. Kosa lilikuwa letu: tulitumia mashine bila kuzifikiri sheria zinazoiongoza.

Jeki ni mashine sahili. Humwezesha mtu mmoja kuinua mzigo mzito kwa kani ndogo, lakini humlipisha kwa umbali: mkono huenda mbali ili mzigo upande kidogo. Tuchukue gari lenye shehena, ambalo gurudumu lake moja la nyuma limebeba kilo 700, yaani kani ya nyutoni 7,000 hivi. Jeki ya parafujo inayopanda milimita 5 kwa mzunguko mmoja, ikizungushwa kwa mpini wa sentimita 30, huufanya mkono uende sentimita 188 kwa kila nusu sentimita ya mzigo. Kama msuguano usingalikuwapo, nyutoni 19 zingalitosha. Kwa kweli tunahitaji mara kadhaa ya hizo, maana sehemu kubwa ya kazi yetu humezwa na msuguano wa uzi wa parafujo. Hata hivyo, hasara hiyo ndiyo kinga yetu. Parafujo ambayo ufanisi wake haufiki nusu haiwezi kurudishwa nyuma na mzigo wake. Tukiuachia mpini, gari hubaki lilipo.

Jeki ya mafuta hufuata kanuni ya Mfaransa Blaise Pascal, iliyochapishwa mwaka 1663 baada ya kifo chake, na iliyotiwa katika mashine ya kugandamiza na Mwingereza Joseph Bramah mwaka 1795. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 1 ikisukuma mafuta chini ya pistoni yenye kipenyo cha sentimita 4, kani huongezeka mara 16. Mpini ukiongeza mara 15 nyingine, jumla huwa mara 240. Ni jeki nyepesi kutumia na imara, lakini gari zima hushikiliwa na vizibo vya mpira na vali ndogo. Chembe moja ya mchanga katika vali hiyo yatosha kulishusha.

Ya tatu ni jeki ndefu ambayo madereva huiita hailifti, iliyotengenezwa Bloomfield, jimbo la Indiana, Marekani, tangu mwaka 1905. Ni mti wa chuma wenye matundu, na pini mbili zinazopokezana kuukwea. Huinua karibu mita nzima, na kwa sababu hiyo watu wa porini huipenda. Lakini hapa hakuna msuguano wa kutulinda. Wakati wa kushusha, mzigo wenyewe ndio unaousukuma mpini juu. Anayeuachia huuona ukipiga juu na chini kwa nguvu ya kuvunja taya. Tufanye hesabu: bampa iliyoinuliwa sentimita 60 kwa kani ya wastani wa nyutoni 5,000 imehifadhi jouli 3,000. Ni sawa na gunia la kilo 50 linaloanguka kutoka urefu wa mita 6. Hivyo basi, mpini usimamishwe wima, uegemee mti wake, kabla ya kugeuza kikwamizo cha kupandisha au kushusha; na kichwa cha mtumiaji kisiwe kamwe katika njia yake.

Ipi basi ichaguliwe? Hutegemea mahali pa kuinulia. Ekseli ya chuma kizima imeungana na gurudumu. Ukiinua ekseli, gurudumu hufuata mara moja. Ukiinua bampa au chesisi, springi hunyooka kwanza, na gari laweza kupanda sentimita nyingi huku tairi lingali ardhini. Kila sentimita hiyo hupandisha kitovu cha uzito na kuongeza uwezekano wa kupinduka. Kwa hiyo, kwa kubadili tairi, jeki fupi chini ya ekseli ni bora. Hailifti iwekwe akiba kwa gari lililokwama, mahali ambapo jeki fupi haipenyi.

Jambo la pili ni ardhi. Tairi lenye upepo wa nyutoni 25 kwa kila sentimita ya mraba hubeba zile nyutoni 7,000 kwa eneo la sentimita za mraba 280 hivi. Kitako cha jeki cha sentimita 10 kwa 10 hubeba kani ile ile kwa sentimita za mraba 100 tu, yaani kanieneo ya nyutoni 70. Ikiwa udongo mweusi wa mbugani ulishindwa kulibeba tairi, utawezaje kuibeba jeki? Ubao mgumu wa sentimita 40 kwa 40, wenye unene wa sentimita 5 ili usipinde, hupunguza kanieneo hiyo hadi nyutoni 4.4. Ubao huo usikose garini.

Sasa turudi Kilombero. Katika Land Rover zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, hadi Defender za mwisho za mwaka 2016, breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika propela, mhimili unaopeleka mzunguko kwenye difu ya nyuma. Propela ikifungwa, difu bado huruhusu gurudumu moja kuzunguka mbele iwapo la pili litazunguka nyuma. Yote mawili yakiwa chini, jambo hilo haliwezekani, na gari hutulia. Moja likiinuliwa, huwa huru kuzunguka kinyume, na mwenzake huanza kubingiria. Kuliacha gari katika gia hakusaidii, kwani gia nayo hufunga propela ile ile. Dawa ni kuunganisha mbele na nyuma kabla ya kuinua, na kufunga difu ya kati kwa magari yenye difu hiyo, ili magurudumu ya mbele nayo yazuie. Juu ya yote, magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari au mawe, mbele na nyuma.

Jeki nayo huhitaji mahali pake safarini. Hailifti yenye kilo 13, ikiwa imelazwa wazi ndani ya gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa, ina jouli 1,800 hivi. Gari likisimama ghafla, hizo humwendea aliyeketi mbele. Ifungwe kwa boliti sehemu mbili, isichomoze nje, na pini zake zifunikwe zisiingie vumbi.

Mwalimu anaweza kuonyesha kiini cha somo hili kwa tofali moja na beseni la mchanga uliolowa: lisimamishwe kwa ncha, kisha lilazwe, na wanafunzi wapime kina cha kuzama kila mara. Ama kuhusu gari lenyewe, utaratibu ni huu: abiria washuke, kabari ziwekwe, nati zilegezwe tairi likiwa chini, ubao ulazwe, ndipo jeki ipande. Tairi la akiba lisukumwe chini ya chesisi, ili gari likianguka liangukie mpira. Tena mtu asiingie chini ya gari lililo juu ya jeki, hata kwa dakika moja. Mwanafunzi wetu aliokolewa na bahati, na bahati haimo katika hesabu za fizikia.