Je, Wajua? Mtaimbo Wenye Jina la Mtu

• Mtaimbo mfupi wa kuvunjia milango Waingereza huuita jemmy, na Wamarekani jimmy. Yote mawili ni majina ya kumfupishia mtu aitwaye James.

• Kamusi ya lugha ya mitaani iliyochapishwa London mwaka 1811 inalo neno jemmy, na inasema wazi kwamba ni chombo cha wavunja nyumba.

• James alikuwa na wenzake. Francis Grose, katika kamusi yake ya mwaka 1785, aliandika Bess au Betty, kichuma cha kufungulia mlango kwa nguvu, na Jenny, cha kuinulia kifuniko cha sanduku la kioo dukani ili kuiba vilivyomo. Asiyejua angedhani wezi wanataja jamaa zao!

• Jemmy ni kichwa cha kondoo pia. Charles Dickens alizichezea maana hizo mbili katika Oliver Twist, pale mwizi Bill Sikes anapoandaliwa chakula.

• Kabla ya jemmy, mtaimbo uliitwa crow, yaani kunguru. Katika Romeo and Juliet ya Shakespeare, Padri Laurence anaagiza aletewe mmoja haraka, kwani Juliet yu hai kaburini.

• Ncha yake iliyopasuka imezaa majina mengine. Kwa Wafaransa ni mguu wa kulungu jike, kwa Wajerumani mguu wa ng'ombe, na kwa Wahispania mguu wa mbuzi.

• Siri yake ni wenzo. Mtaimbo wa sentimita 100 ukiegemezwa sentimita 5 kutoka nchani huzidisha nguvu mara 19. Kandamiza kwa uzito wa kilo 20, na ncha itainua kama kilo 380. Fremu ya mbao haifui dafu.

• Uingereza, sheria ya wizi ya mwaka 1968 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 3 kwa anayekutwa nje ya makazi yake na kifaa alichokusudia kuibia.

• Chuma hichohicho huokoa maisha. Mwaka 1948 Hugh Halligan, ofisa wa zimamoto New York, alibuni mtaimbo wa kuvunjia milango ili kuwafikia walionaswa na moto. Hadi leo unaitwa Halligan.

• Una mtaimbo nyumbani? Usiuache uani usiku. Ufungie stoo, mwizi asije akauvunjia mlango wako mwenyewe.