Mbegu ya maharagi: tusile yote, tusiuze yote



Kila mwaka ni jambo lile lile. Mwezi wa sita tunavuna maharagi na tunauza mbio juu ya deni na masomo ya watoto. Mwezi wa tisa mvua inaanza, mbegu hakuna. Tunarudi sokoni kununua kwa bei ya juu maharagi ambayo hatujui yametoka wapi.

Hapa Kivu wazee wetu walipanda mchanganyiko: mekundu, meupe, meusi, ya madoa. Haikuwa ujinga. Mvua ikizidi, aina moja inaoza mizizi, ingine inasimama. Jua likikaa, ile yenye kukomaa mbio inatoa chakula. Leo soko linapenda rangi moja ao mbili, na zingine zinapotea polepole. Mbegu mpya za INERA Mulungu ziko na faida yake, tuzipande. Lakini tusitupe za zamani.

Namna ya kuchunga mbegu

1. Chagua shambani, si ndani ya gunia. Funga kamba kwa mimea yenye afya na maganda mengi. Mmea wenye vidonda kwa maganda, acha: ugonjwa unaingia ndani ya mbegu. Chukua rangi zote.

2. Kausha vizuri. Tia mbegu na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikishika chupa, mbegu ingali na maji. Rudisha juani.

3. Tia ndani ya bidoni kavu, jaza mpaka juu, funga sana. Pasipo hewa vidudu vinakufa.

4. Mbele ya kupanda, weka mbegu 100 ndani ya kitambaa chenye maji kwa siku 7. Zikiota 85 ao zaidi, ni nzuri.

Depo ya mbegu ya koperative

Mtu mmoja akipata njaa, atakula mbegu yake, hatuwezi kumlaumu. Ndiyo maana tunaweka pamoja. Tuseme mwanamemba anakopa kilo 10. Kisha mavuno anarudisha kilo 12, safi na kavu. Yote inaandikwa ndani ya kaye: jina, aina, kilo, tarehe. Wamama wawe ndani ya komite, sababu mara nyingi ni wao wanajua kila aina, inapikwa namna gani na inapenda udongo gani.

Tusiweke yote nyumba moja. Tumeona wakati wa vita: watu wanakimbia, gunia inabaki, na mbegu ya miaka mingi inaisha siku moja. Tuchunge sehemu ingine kwa koperative ya kijiji kingine, na sisi tuwachungie yao.

Kwa mkutano ujao, kila mmoja alete kikombe kimoja cha kila aina iliyo nyumbani kwake. Tutahesabu pamoja tungali na ngapi.