Mwenge, Mkuki na Jembe: Nembo za Askari Mpakani Tunduma

Nembo ya askari humwambia raia mwenye bunduki ametumwa na nani. Mkoani Songwe ujumbe huo husomeka pande mbili kwa wakati mmoja, kwani Tunduma na Nakonde ya Zambia zimeshikana, na tangu 2019 maofisa wa nchi hizo wanahudumia wasafiri katika kituo cha pamoja cha mpakani.

Upande wa Tanzania, alama kuu ni Nembo ya Taifa, ambayo wengi huiita Bibi na Bwana. Mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, wameshika pembe za ndovu, na katikati yao ipo ngao. Miguuni pana karafuu na pamba. Katika sehemu ya juu ya ngao unawaka Mwenge, alama ya uhuru na maarifa, na chini yake ipo bendera. Kisha, juu ya ardhi nyekundu yenye rutuba, umesimama mkuki kati ya shoka na jembe vilivyopishana, na chini kabisa yapo mawimbi. Mkuki ni wa kulinda uhuru, lakini haukupewa nafasi ya peke yake: umewekwa pamoja na zana za mkulima. Huo ndio mpangilio unaostahili kutazamwa kuliko yote. Silaha ya taifa hili imechorwa ikiwa kazini pamoja na jembe, juu ya maneno Uhuru na Umoja.

Zambia nayo ina mwanamume na mwanamke, na ina jembe lililopishana na sururu. Juu yake yupo tai mla samaki, na ngao yake ya mistari ya mawimbi meusi na meupe inawakilisha maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Majirani hawa wamechagua alama zinazokaribiana sana.

Haikuwa hivyo zamani. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Novemba 1918, kikosi cha Wajerumani cha Paul von Lettow-Vorbeck kilipita Fife, karibu na Tunduma ya leo, kikasalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25. Waafrika walipigana pande zote mbili, huku wakitumikia tai wa Kaisari au taji la Mwingereza. Taji liliendelea kutawala Tanganyika hadi uhuru. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, aliyeupandisha Mwenge kileleni Kilimanjaro alikuwa mwanajeshi, Luteni Alexander Nyirenda.

Kubadili beji pekee hakukutosha. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni, waliasi, na jeshi hilo likavunjwa. Septemba mwaka huo likaundwa jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Jina lenyewe linafanya kazi ya kaulimbiu: linataja mwenye jeshi.

Kaulimbiu za polisi hutaja wanaohudumiwa. Ya Tanzania ni Usalama wa Raia, ya Kenya ni Utumishi kwa Wote. Kwa kuwa zimeandikwa kwa Kiswahili, mkulima wa kahawa wa Hasamba, mkoani Songwe, anaweza kuzisoma mwenyewe na kumdai askari kile alichoahidiwa. Hilo lina uzito kuliko uzuri wa mchoro wowote.

Alama za vyeo ni rahisi zaidi. Koplo ana tepe mbili, sajenti tatu. Jeshini, nyota moja begani ni ya luteni usu, mbili za luteni, tatu za kapteni.

Kwa sababu alama hizi hubeba mamlaka, zinalindwa. Nembo ya Taifa ina sheria yake ya 1971, na sare nazo zina makatazo yake. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo. Agizo hilo lilimgusa pia mfanyabiashara wa mitumba, kwa kuwa suruali ya madoadoa huweza kufika sokoni ndani ya marobota kama nguo nyingine yoyote, na mtu akiivaa barabarani usiku, anayesimamishwa hana njia ya kujua kama amesimamishwa na askari au na jambazi.