Goma: Wapi kula vizuri kwa pesa kidogo, toka sambaza za Kituku hadi mbuzi ya jioni

Mjini Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu ya Kaskazini, wakaaji wengi wanaotoka nyumbani asubuhi hawarudi kula mchana. Wanakula kwenye malewa. Tangu mabenki yafunge milango mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, wakati AFC/M23 ilipoingia mjini, pesa ya mkononi imekuwa haba. Leo benchi moja la malewa linakalisha mmotari, mwanafunzi, mwalimu na hata mtu aliyezoea kula kwenye hoteli.

Lakini malewa yote hayafanani. Anayeujua mji huu haulizi kwanza jina la mahali. Anauliza saa ngapi, na chakula kimetoka wapi.

Asubuhi mapema: Kituku

Siku ya mlaji mzuri inaanzia Kituku, soko la kando ya Ziwa Kivu katika kata ya Kyeshero. Wavuvi wa sambaza huondoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka juu ya maji. Sambaza hufuata mwanga, na wavu hupandishwa. Alfajiri wanarudi, na wamama wenye mabeseni wanawangojea.

Samaki huyu hakuzaliwa katika ziwa hili. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa mtu wa Goma akitaja ziwa, sambaza ndio wa kwanza kumjia kichwani.

Karibu na soko, sambaza wa usiku ule hukaangwa wazima, kichwa na mkia, kwa chumvi tu. Ndimu na pilipili huja pembeni. Wengine huwala na ndizi au bugali, wengine hununua kipimo kidogo ndani ya karatasi na kula wakitembea. Kabla hawajaingia kwenye mafuta, tazama beseni. Sambaza mpya anang'aa kama fedha, jicho lake liko wazi na tumbo halijapasuka. Ukiona matumbo yaliyofunguka na rangi inayoelekea manjano, huyo ni wa jana.

Kuna jambo ambalo wageni hawalijui: tazama pia mwezi. Siku za mbalamwezi taa ya mvuvi hupoteza nguvu, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi hurudi karibu mitupu. Siku hizo bei hupanda na wa jana huchanganywa na wa leo. Afadhali kungoja usiku wa giza, au kununua sambaza waliokaushwa na kupelekea wa nyumbani.

Chai ya Birere

Birere iko kati ya mji na mpaka mdogo wa Gisenyi, ule unaoitwa Petite Barrière. Wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake, hupita hapo kila siku na mizigo kichwani. Wanahitaji kitu cha moto, cha haraka, kinachoshika tumbo mpaka mchana.

Ndiyo sababu chai ya Birere ni nzito: maziwa mengi, tangawizi, sukari bila huruma. Pamoja nayo kuna chapati, mandazi na mayai ya kukaanga. Mahali pazuri ni pale ambapo chapati inatoka kwenye babula na kuingia mkononi mwako. Chapati iliyolala ndani ya ndoo ya plastiki hutoa jasho na kulegea, na mafuta yake hubaki mdomoni siku nzima.

Asiyependa kungoja babula ana njia nyingine. Kwenye ligablo nyingi za mji kuna jibini ya Masisi, ambayo kila mtu huiita fromaji: duara la rangi ya manjano, ndugu wa gouda ya Uholanzi, linalotengenezwa kwenye malisho ya milimani. Kipande kimoja ndani ya mkate ni chakula kamili. Muombe muuzaji akate mbele yako. Fromaji nzuri inakatika bila kumeguka vipande vipande, na harufu yake ni ya maziwa, haichomi pua.

Mchana: chungu cha soko la Virunga

Soko la Virunga, katika komine ya Karisimbi, ndipo chakula kingi cha mji hupitia: maharagi, birai, unga, ndizi, mboga, mafuta ya ngazi. Malewa yaliyo karibu na soko yana faida moja kubwa. Mama anayepika hununua hatua chache kutoka kwenye moto wake, na hana sababu ya kuweka mboga siku mbili.

Hapo ndipo pa kula bugali na sombe. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu, kwa hiyo hutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu, kisha hupewa mafuta ya ngazi, kitunguu, na kwa mama mwenye mkono mzuri, karanga zilizosagwa. Sombe iliyoharakishwa hujulikana kwa rangi ya kijani kikali na uchungu unaobaki kooni. Ile iliyoiva imekuwa nyeusi kidogo na mafuta yanaonekana pembeni ya sahani.

Maharagi nayo yana hesabu yake. Goma iko karibu mita 1 500 juu ya bahari. Katika urefu huo maji huchemka kwenye digrii karibu 95, na maharagi makavu huchelewa kuiva kuliko kwa watu wa chini. Mama anayetaka kuyauza saa sita mchana lazima awashe makala kabla ya jua kutoka. Maharagi laini, yenye mchuzi mzito, yanaonyesha kwamba mpishi aliamka mapema na hakubania makala.

Jinsi ya kuchagua benchi? Fuata watu wa chukudu na wabebaji wa mizigo. Hao hula kwa ajili ya kazi, hawana pesa ya kupoteza, na tumbo likiwauma siku moja wamepoteza mapato ya siku. Kisha angalia chungu. Malewa mazuri humaliza chakula kufikia saa nane mchana. Chungu ambacho bado kimejaa saa tisa kina sababu yake, na wateja wa kila siku wanaijua.

Kabla ya kukaa, tazama pia sahani ya jirani. Bei ya sahani peke yake haisemi kitu. Mwezi wa pili 2024, vita vilipofika kandokando ya Sake, karibu kilomita 25 kutoka Goma, barabara za kwenda Masisi na Minova zilikatika na bei ya vyakula ikapanda mjini. Nyakati kama hizo mama malewa anaogopa kupandisha bei, kwani mteja atahamia benchi la pili. Anachofanya ni kupunguza donge la bugali, au kuondoa kipande cha nyama kwenye mchuzi. Kwa hiyo mwenye njaa hulinganisha madonge kwanza, kisha bei. Na huuliza mapema kama kuongezewa mboga ni bure au kunalipwa, ili pasiwe maneno wakati wa kuondoka.

Jioni: moshi wa mbuzi

Jua likianza kushuka, harufu inabadilika. Kandokando ya barabara ya Sake, kuanzia pande za Katindo na Himbi mpaka Ndosho, na ndani ya Majengo, mishikaki ya mbuzi huwekwa juu ya makala. Huambatana na ndizi za kuchoma au birai za kukaanga, kitunguu kibichi na pilipili. Anayekunywa huchukua bia au kasiksi ya ndizi. Wengine hubaki na sukre.

Sheria ya mishikaki ni moja: chagua ikiwa mbichi. Mchomaji mwenye nyama nzuri haoni shida kukuonyesha. Nyama iwe nyekundu, kavu kwa kugusa, na mafuta yake yawe meupe. Kisha ngoja, hata kama tumbo linalia. Ile inayokungojea tayari pembeni ya moto imeshachomwa mara moja, pengine mbili, na itakuchosha meno. Kama huoni kichwa, ngozi wala mguu wa mnyama mahali popote, hakuna ubaya kuuliza ni nyama ya nini.

Jambo la pili ni saa. Kwa sababu ya usalama wa usiku, wakaaji wengi hawapendi kuchelewa barabarani. Wachomaji wamezoea: moto mkubwa uko kati ya saa kumi na moja na saa moja ya jioni. Anayefika baadaye hukuta mabaki, na njia ya kurudi imekuwa tupu.

Maji kwanza, ladha baadaye

Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo iliingia mjini mwaka 2002, na mwaka 2021 ikafika tena pembeni yake. Kuchimba kisima ndani ya mawe hayo si kazi rahisi, na familia nyingi huchota maji ziwani kwa bidoni. Kipindupindu hurudi mara kwa mara. Kwa hiyo kabla ya kusifu mchuzi wa mtu, tazama maji yake.

Malewa ya kuaminika yana bidoni au ndoo yenye robine na sabuni mahali mteja anapoiona. Yana mabeseni mawili ya kuoshea vyombo, moja la sabuni na moja la kusuuza, na maji hubadilishwa. Chakula hutoka chunguni kikiwa na moshi. Mahali ambapo watu wote wananawa ndani ya bakuli moja, hata sombe ikiwa tamu namna gani, ni pa kupita tu.

Vitu vibichi ndivyo vya kuogopa zaidi: kabichi iliyokatwa, nyanya, kitunguu, pilipili iliyochanganywa na maji. Kama huna hakika na maji, acha hivyo na ule kilichopikwa. Kwa kinywaji, chai iliyochemka haina ubishi.

Daftari ya deni

Kuna kitu kimoja kinachofunga malewa mazuri ya Goma kuliko ushindani na kuliko mvua. Ni deni.

Mtaji wa mama malewa ni wa siku moja. Pesa ya leo ndiyo inanunua unga, makala na mafuta ya kesho. Zamani, mteja mwenye mshahara angeweza kula wiki tatu na kulipa mwisho wa mwezi, na mama alijua benki ingemlipa mtu huyo. Sasa waliozoea kulipwa kwa benki wamebaki bila njia rahisi ya kushika mshahara wao. Neno "Mama, andika" limekuwa la kila mchana. Sahani kumi zikiandikwa, kesho chungu kinakuwa kidogo. Zikiandikwa wiki nzima, siku moja mteja anafika na kukuta benchi limegeuzwa na babula haipo.

Kinachowashikilia wengi ni likelemba: kikundi cha wamama ambapo kila mmoja huweka kitu kila siku, na jumla huenda kwa mmoja kwa zamu. Lakini likelemba haingoji mteja aliyechelewa kulipa. Mama asiyechangia leo anapoteza uaminifu mbele ya wenzake, na zamu yake ikifika atajibu nini?

Kwa hiyo anayetafuta mahali pazuri pa kula ana sehemu yake ya kufanya. Aje na noti ndogo na safi, maana chenji ni shida na noti zilizochakaa hukataliwa na wauzaji wa jumla. Mama akipokea noti iliyopasuka, hasara inabaki kwake. Anayelipa kwa simu aulize nani anabeba gharama ya kutoa pesa, na kama ana uwezo, aiongeze yeye. Na kama kweli hana, aseme kabla ya kula. Wamama wengi watampa sahani hata hivyo, kwa kumwita "mtoto wangu" na kumkaripia kidogo. Kinachowauma ni yule anayeshiba kwanza, kisha anapapasa mifuko.

Kufikia saa tisa, kwenye malewa ya soko la Virunga, sahani zimeoshwa na majivu yamepoa. Mama anahesabu noti na kuzigawa: hii ya unga, hii ya makala, hii ya likelemba, hii ya kupeleka nyumbani. Fungu la mwisho ndilo hupungua kwanza, siku ambayo wateja wamesema "andika". Siku ambayo wamelipa wote, anapitia sokoni tena kabla ya kurudi, anachagua maharagi ya kesho na kuyaloweka usiku huohuo.