Kumchagua Mkunga wa Kuzalisha Nyumbani

Wasomaji wetu, na hasa ninyi wazee wa vijiji na walimu ambao watu huwajia kwa shauri, leo twapenda kueleza jambo ambalo waume wengi hulikimbia wakisema ni la wanawake. Hesabu iliyofanywa Tanzania mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa katika kila watoto 100, 81 walizaliwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Katika hesabu ya mwaka 2004 na 2005 walikuwa 47 tu. Shauri la serikali ni kwamba kila mama aende huko, nasi hatulipingi. Lakini wale waliosalia nao ni watu. Mito hujaa, zahanati huwa mbali, na wako mama waliokwisha kuamua kuzaa kwao. Mama wa namna hiyo hana budi kumtafuta mkunga mapema, mimba ikiwa ya miezi mitano au sita, wala si usiku ule ambao jirani hutumwa mbio na taa mkononi.

Kwanza tutenganishe watu wawili ambao twawaita kwa jina moja. Yuko mkunga aliyesoma, ambaye kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 huandikwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na kupewa leseni. Yuko na mkunga wa jadi, aliyejifunza kazi kwa mama yake au bibi yake. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali nyingi ziliwafundisha wakunga wa jadi, zikitumaini ya kuwa vifo vya wazazi vitapungua sana. Havikupungua kama ilivyotumainiwa, kwa sababu mambo yauayo wazazi, yaani kutoka damu nyingi, kifafa cha mimba na mtoto kukwama, yataka dawa na kisu cha daktari. Hatusemi bibi huyo adharauliwe. Na awepo, amshike mama mkono na kumtia moyo, kazi ambayo aijua kuliko wengi. Lakini wa kumpokea mtoto awe mwenye leseni, nayo iwe haijakwisha muda wake. Ni ajabu kwamba watu wamfunuao ng’ombe meno kabla ya kumnunua huona haya kumwuliza mkunga cheti chake.

Hata hivyo karatasi peke yake haitoshi, na ushahidi wake ni wa zamani. Mwaka 1847, katika hospitali kubwa ya mji wa Vienna, nchi ya Austria, palikuwa na wodi mbili za wazazi: moja ya wakunga, na moja ya madaktari na wanafunzi wao. Kwa madaktari wazazi walikufa kwa homa ya uzazi kupita kwa wakunga, hata wanawake wakalia wasipelekwe huko. Daktari Ignaz Semmelweis akatambua ya kuwa wenzake hutoka kupasua maiti wakaenda kuwashika wazazi. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wazazi zaidi ya 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa wapata 2. Wale walikuwa wasomi wenye vyeti, na mikono yao ikaua.

Basi mtazameni mkunga mikono na kucha zake, kisha mwombeni awafungulie mkoba. Ndani yake muone mipira ya mikono, sabuni, wembe mpya usiofunguliwa au mkasi uliochemshwa, uzi safi au kibanio cha kitovu, kipimo cha shinikizo la damu, chombo cha kusikiliza moyo wa mtoto, dawa ya kukaza tumbo la uzazi ili damu isimwagike, na mfuko wa kumpulizia hewa mtoto asiyepumua. Akisema kitovu hupakwa majivu au samadi, mwageni kwa heshima: ndiyo njia ya pepopunda. Mwulizeni tena atafanya nini mtoto asipolia. Ajuaye kazi atajibu upesi ya kuwa atamfuta, atamsugua mgongo, na asipopumua atampulizia kwa mfuko kabla ya dakika moja kupita. Mwenye kusema atamshika miguu na kumpiga hajui.

Swali lililo kubwa kuliko yote ni hili: “Bibi, ni wazazi gani uliowakataa au kuwapeleka hospitali?” Wako wajibuo kwa fahari ya kuwa hakuna mimba iliyowashinda kamwe, na watu husifu. Sisi twaona huyo ndiye wa kuogopwa. Mkunga mwema huwakataa wengi. Hakubali kumzalisha nyumbani mwenye mimba ya kwanza aliye msichana mdogo, wala mwenye kovu la kupasuliwa, wala mwenye mapacha, wala ambaye mtoto wake ametanguliza matako, wala aliyemwaga damu nyingi uzazi uliopita, wala aliyevimba uso, anayeumwa kichwa na kuona ukungu machoni. Tena atawaeleza, kabla hamjauliza, mipaka yake katika kazi yenyewe: uchungu ukipita saa 12, au kondo la nyuma lisipotoka katika nusu saa, au damu ikipita nusu lita, safari huanza papo hapo. Mama mwenye afya njema aweza kufa kwa damu katika muda wa saa mbili, na baraza la wajomba laweza kuchukua muda huo wote.

Kwa hiyo baraza lifanyike kabla. Mwenye gari au pikipiki ajulikane kwa jina na simu yake, na pasipopita gari, machela iwe tayari na wabebaji wanne. Fedha za safari ziwekwe mbali na fedha za chakula. Wapatikane ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Mume aseme mbele ya mkunga ya kuwa neno lake la kuondoka halingoji ruhusa ya mtu, hata yeye mwenyewe akiwa safarini.

Ujira upatanwe mapema, nao uhesabu pia siku za baadaye, kwa kuwa wengine huondoka mtoto akishafungwa nguo. Yapasa mkunga amtazame mama na mtoto katika siku ya kwanza, kisha siku ya tatu, kisha juma la pili, tena juma la sita. Na mtoto aliyezaliwa nyumbani hupelekewa habari zake kwa Afisa Mtendaji wa kijiji, ili kizazi kiandikishwe kabla ya siku 90 kupita.